Jimbo Lililokuwa Nchi Nzima

Karatasi ya kura ya Kijapani haina picha ya mgombea wala nembo ya chama, na hakuna kisanduku cha kutia alama ya vema. Ina nafasi tupu. Mpiga kura anaingia kibandani, anakuta penseli, anainama na kuandika kwa mkono wake jina la mtu anayemtaka. Akilisahau ghafla, hajapotea: mbele yake kumetundikwa orodha ya wagombea wote. Ila katika uchaguzi mmoja wa mwaka 1950 orodha hiyo ilikuwa na majina zaidi ya mia tatu, na kulitafuta moja humo ilikuwa kama kumtafuta mtoto aliyepotea sokoni siku ya mnada.

Tanzania ilipofanya uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea ubunge walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma asikwame. Japani ilikwenda njia nyingine kabisa. Mpiga kura lazima alijue jina, alikumbuke, aliandike. Kwa miaka 33 sharti hilo dogo la penseli ndilo lililoamua nani anaingia bungeni kupitia jimbo la uchaguzi ambalo mipaka yake ilikuwa bahari. Wajapani waliliita zenkoku-ku, jimbo la nchi nzima.

Msomaji wa Kenya anaijua Seneti: kaunti 47, na kila kaunti na seneta wake wa kuchaguliwa. Kwa Mtanzania au Mganda, aliyezoea bunge moja, wazo la bunge la juu ni geni kidogo. Ni baraza la pili linaloupitia muswada ambao wabunge wa kawaida wameshaupitisha. La Japani linaitwa Sangiin. Lilipoanza mwaka 1947 lilikuwa na viti 250, muhula wa miaka sita, na nusu ya viti vikigombewa kila baada ya miaka mitatu. Viti 150 vilitoka mikoani, jambo la kawaida. Vile 100 vilivyobaki havikuwa na mkoa wala mji. Mgombea wake aliomba kura kuanzia theluji ya Hokkaido kaskazini hadi Kagoshima kusini, kwa wapiga kura wapatao milioni 40 mwanzoni na wapatao milioni 80 mwishoni. Kila mpiga kura aliandika jina moja tu, kisha majina yakapangwa kwa wingi wa kura, na 50 ya juu yakaingia.

Nani alifikiria kitu kama hicho?

Japani ilikuwa imeshindwa vita na jeshi la Marekani lilikuwa limeishika nchi. Februari 1946 makao makuu ya Jenerali MacArthur yaliikabidhi serikali ya Japani rasimu ya katiba yenye bunge moja tu. Baraza la Makabaila, lililokaliwa na wana wa familia ya kifalme, watu wenye vyeo vya kurithi na matajiri wakubwa, lilikuwa linafutwa, na Wamarekani hawakuona sababu ya kuweka jingine mahali pake. Matsumoto Joji, waziri aliyesimamia suala la katiba, akabisha. Bunge moja, alihoji, likipinduka leo na kesho tena, nani atalituliza? Wamarekani wakakubali liwepo bunge la juu, kwa sharti kwamba kila mjumbe wake achaguliwe na wananchi.

Hapo serikali ikawa na kibarua. Ilitaka baraza la watu wazima wa akili, wanasayansi, walimu, waandishi, viongozi wa kazi na biashara, watu wasiobebwa na vyama. Ilitamani hata viti vigawiwe kwa fani, lakini katiba mpya ilitamka kwamba wabunge wote wanawawakilisha wananchi wote. Basi ikaja hesabu hii: mtu mwenye sifa nchi nzima lakini asiye na ngome kijijini hawezi kushinda katika mkoa mmoja, ila akikusanya elfu mbili hapa na elfu tano kule, atapita. Mpe jimbo lenye ukubwa wa nchi.

Mwanzoni hesabu ilikubali. Katika uchaguzi wa kwanza, tarehe 20 Aprili 1947, aliyeongoza alikuwa Hoshi Hajime, mfanyabiashara wa dawa, kwa kura zaidi ya 480,000. Kwa kuwa viti vyote 100 viligombewa siku moja, nusu ya juu ilipata miaka sita na nusu ya chini mitatu, na waliofunga mkia waliingia kwa kura zisizofika laki moja. Akapita Tanaka Kotaro, mwanasheria aliyekuja kuwa Jaji Mkuu. Akapita mwanahistoria Hani Goro, na mwandishi wa riwaya Yamamoto Yuzo. Yamamoto na wenzake wasio na chama wakaunda kundi la bungeni walilolipa jina la kishairi, Ryokufukai, Kundi la Upepo wa Kijani. Lilianza na wajumbe 92, likawa kubwa kuliko chama chochote ndani ya baraza.

Kati ya walioingia siku hiyo alikuwamo pia Oku Mumeo, mtetezi wa akina mama wa nyumbani. Mwaka uliofuata, 1948, alianzisha shirikisho la wake wa nyumbani lililojulikana kwa bango la aina yake: mwiko wa kupakulia wali, mkubwa kuliko mtu, ulioandikwa madai yao. Mama hao wakiingia barabarani kulalamikia bei ya bidhaa na ubovu wake, mwiko ulikuwa mbele. Oku alikaa bungeni miaka 18 kwa kura za jimbo hilo. Ukimtafuta mtu mmoja ambaye zenkoku-ku ilitungwa kwa ajili yake, ni huyo. Wake wa nyumbani wako kila mkoa, lakini hakuna mkoa ulio wao.

Upepo wa kijani haukuvuma sana. Vyama viligundua kwamba viti 100 si vya kuwaachia wanariwaya, na kufikia 1965 lile kundi lilikuwa limekwisha. Wakati huo jimbo lilikuwa limeshapata aina nyingine ya wajumbe, wengine wa kushangaza kwelikweli.

Chukua habari ya Tsuji Masanobu. Alikuwa kanali wa jeshi la kifalme, mpangaji wa mashambulizi ya Malaya na Singapore, na anayehusishwa na mauaji ya raia na mateka. Vita vilipoisha alijificha miaka kadhaa, kisha akarudi kwao na kuandika vitabu vilivyouzwa kwa wingi. Mwaka 1959 aliomba kura za nchi nzima na kushika nafasi ya tatu. Aprili 1961 akafunga safari kwenda Laos, ambako vita vilikuwa vinawaka, na inasemekana alionekana akitembea amevaa vazi la mtawa wa Kibudha. Hakuonekana tena. Kiti chake bungeni kikaendelea kuhesabiwa kuwa chake hadi muhula ulipoisha mwaka 1965, na mahakama ikamtangaza kuwa amefariki mwaka 1968. Kwa miaka minne jimbo kubwa kuliko yote nchini lilikuwa na mjumbe ambaye hakuna aliyejua kama yu hai.

Mwaka 1962 akaingia Genda Minoru, rubani aliyechora mpango wa kuishambulia Pearl Harbor, akakaa miaka 24. Mwaka huohuo, hata hivyo, gumzo lilikuwa la mtu mwingine. Fujiwara Aki hakuwa jenerali wala profesa. Alikuwa mgeni wa kudumu katika kipindi cha mafumbo cha televisheni ya taifa, mama mtanashati anayekaa mezani na kubahatisha siri ya mtu aliyeletwa studio. Seti za televisheni zilikuwa zimejaa majumbani miaka hiyo, na sura yake ilikuwa sebuleni mwa watu kila wiki. Alipata kura zaidi ya milioni 1.1. Katika jimbo hilo hakuna aliyewahi kufika milioni kabla yake.

Mwandishi huyu haoni ajabu. Mtu anasimama kibandani na penseli, mbele yake kuna majina mia na zaidi, mengi hajawahi kuyasikia. Mkono utaandika lile ambalo sikio limelizoea. Waanzilishi walidhani jina linalojulikana nchi nzima ni jina la mtu mwenye hekima, na huenda mwaka 1947, enzi za magazeti na redio, lilikuwa hivyo. Televisheni iliwatengenezea wapiga kura majina mengine.

Kilele kilifika Julai 1968. Ishihara Shintaro, mwandishi wa riwaya mwenye miaka 35 aliyepata umaarufu tangu akiwa mwanafunzi, alizoa kura 3,012,552. Nafasi ya pili ilikwenda kwa Aoshima Yukio, mtunzi wa vichekesho ambaye mwaka mmoja kabla aliwachekesha watu kwa kuigiza bibi mkorofi akiwa amevaa mavazi ya kike. Akapita Yokoyama Knock, mchekeshaji wa Osaka, kwa jina lake la jukwaani, maana sheria iliruhusu mgombea kutumia jina analojulikana nalo. Akapita pia Kon Toko, mtawa wa Kibudha aliyekuwa mwandishi wa riwaya. Kampeni yake iliongozwa na rafiki yake wa miaka mingi, mzee mwembamba mkimya aliyesimama barabarani kumwombea kura: Kawabata Yasunari. Miezi michache baadaye mzee huyo alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Kwa chama chake, zile milioni tatu za Ishihara zilikuwa sifa kubwa na hasara kubwa kwa pamoja. Mtu wa nafasi ya 50 aliingia kwa chini ya robo ya kura hizo. Kilichozidi hakingeweza kuhamishiwa kwa mwenzake. Kilikuwa chakula kilichobaki sinia moja wakati sinia la jirani ni tupu. Chama chenye wafuasi wengi lakini kisichojua kugawa kura kingeweza kumpa kiti mtu mmoja maarufu na kuwaacha watano nje.

Waliojua kugawa walikuwa Komeito, chama kilichotokana na jumuiya ya Kibudha ya Soka Gakkai. Waliigawa nchi mafungu, kila fungu na mgombea wake. Muumini wa eneo hili anaandika jina hili, wa eneo lile anaandika lile, hakuna ubishi. Mwaka 1968 walisimamisha watu tisa na wote tisa wakapita, bila hata mmoja kuwa nyota wa televisheni.

Wengine walijipanga kwa kazi zao. Wakuu wa posta ndogo za vijijini walikuwa na mtu wao. Chama cha wauguzi kadhalika, na jumuiya ya familia zilizopoteza ndugu vitani. Vyama vya walimu, vya wafanyakazi wa reli na vya posta viliwasukuma watu wao kupitia Chama cha Kisoshalisti. Wizara nazo hazikubaki nyuma: mkurugenzi aliyestaafu, mwenye mtandao wa ofisi hadi wilayani, alikuwa mgombea mzuri, na baada ya uchaguzi wa 1965 watumishi wa shirika la serikali la tumbaku na chumvi walifikishwa mbele ya sheria kwa wingi kwa kumpigia debe mkubwa wao wa zamani. Kwa namna ya kinyumenyume, ile ndoto ya viti kwa fani ilikuwa imetimia. Ila fani zilikuja kama vikundi vya kudai vyao, na mzee wa hekima asiye na upande hakuonekana.

Asiyekuwa na kikundi wala televisheni alibaki na miguu yake. Kampeni za miaka ya 1970 zilidumu siku 23. Kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura ni kosa la jinai Japani, hivyo mgombea alipanda gari lenye vipaza sauti, akavaa glavu nyeupe ili mkono wake uonekane kwa mbali, na siku nzima gari likatangaza kitu kimoja: jina lake. Sera ingesubiri. Ndege asubuhi, treni mchana, hotuba ya dakika kumi mbele ya stesheni, kisha mkoa mwingine. Ipo mikoa 47 tangu Okinawa iliporejeshwa na Marekani mwaka 1972. Watu walirudi makwao hoi, wengine wakaishia hospitalini.

Utani ukazaliwa. Ukibadilisha irabu moja, zenkoku-ku inakuwa zankoku-ku, yaani jimbo la ukatili. Waliochoshwa na gharama wakaenda mbele zaidi: waliacha matamshi yaleyale, wakabadilisha herufi za maandishi, ya kwanza ikawa ile yenye maana ya sarafu. Likisikika ni jimbo la nchi nzima, likisomwa ni jimbo la ukatili wa pesa.

Uchaguzi wa Julai 1974 ulionyesha pande zote mbili za sarafu hiyo. Chama tawala kilizigeukia kampuni kubwa, na kila kundi la makampuni likapewa mgombea wa kubeba. Wafanyakazi na wasambazaji wa bidhaa waliandikishwa kama jeshi. Mwenyekiti wa tume kuu ya uchaguzi alilazimika kutoa tamko la kuukosoa mtindo huo kabla ya siku ya kura. Mgombea aliyebebwa na makampuni ya Mitsubishi akaanguka. Aliyeongoza nchi nzima alikuwa Miyata Teru, mtangazaji wa televisheni ya taifa, kwa kura zaidi ya milioni 2.5.

Nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa bibi wa miaka 81.

Ichikawa Fusae alipigania haki ya wanawake kupiga kura tangu miaka ya 1920. Haki hiyo ilipatikana baada ya vita, naye akawa mbunge wa Tokyo kuanzia 1953 kwa mtindo alioushikilia kama swala: hakuna kununua kura, hakuna karamu, matumizi yote hadharani. Mwaka 1971 Tokyo ikamwangusha, akaona yamekwisha. Vijana wakamfuata nyumbani na kumsihi agombee nchi nzima. Aliyeendesha ofisi ya kampeni alikuwa kijana wa miaka 27 aitwaye Kan Naoto, ambaye mwaka 2010 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Japani. Walizunguka na vijana wa kujitolea na michango midogomidogo, na bibi akapata kura zaidi ya milioni 1.9. Mwaka 1980, akiwa na miaka 87, aliongoza nchi nzima kwa kura zaidi ya milioni 2.7. Alifariki Februari iliyofuata.

Ndiyo maana kulilaani jimbo hilo lote si haki. Lilimpa nafasi bibi asiye na senti. Lilimpa nafasi pia Yashiro Eita, mtangazaji na mchekeshaji aliyeanguka jukwaani mwaka 1973, akaumia uti wa mgongo na kupooza miguu. Mwaka 1977 alichaguliwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Jengo la Bunge, lililokamilika mwaka 1936, lilikuwa ngazi tupu, na ilibidi liwekewe mitelemko ili mjumbe aweze kufika kwenye kiti chake. Ni mkoa gani mmoja ungemchagua?

Vyama vikubwa vilikuwa vimechoka. Agosti 1982 sheria ilipitishwa kulifuta jimbo la majina na kuweka uwakilishi wa uwiano: mpiga kura ataandika jina la chama, na chama ndicho kitakachopanga orodha ya watu wake. Waliopinga, Aoshima akiwamo, walisema asiye na chama anafungiwa mlango. Hawakukosea. Kikundi kisicho na wabunge kilitakiwa kusimamisha wagombea wasiopungua kumi ndipo kihesabiwe. Uchaguzi wa Juni 1983 ukajaa vyama vilivyozaliwa jana. Wafanyakazi wa mishahara walikuwa na chao, kikapata viti viwili. Yashiro, aliyekuwa akimaliza muhula wake, aliingia na Chama cha Ustawi wa Jamii, kikapata kiti kimoja: chake.

Orodha za vyama nazo zikazua yake, maana nafasi ya juu kwenye orodha ikawa bidhaa ya kugombaniwa ofisini badala ya barabarani. Kuanzia uchaguzi wa 2001 mpiga kura akaruhusiwa tena kuandika jina la mtu, au la chama akipenda. Viti hugawiwa kwa chama kwa jumla ya kura zake, kisha ndani ya chama anapita mwenye kura nyingi. Mwaka huo wa kwanza Masuzoe Yoichi, profesa aliyezoeleka kwenye mijadala ya televisheni, aliongoza kwa kura zaidi ya milioni 1.5, na magari yenye vipaza sauti yakaanza tena kukata nchi kutoka kaskazini hadi kusini.

Pamoja nayo zikaendelea kura za vipande. Mtu akiandika jina la ukoo tu, na wagombea wawili wana ukoo huo, sheria ya Japani haiitupi kura hiyo. Inaikata na kuwagawia kwa uwiano wa kura zao zisizo na utata. Enzi za jimbo la nchi nzima, akina Suzuki na akina Tanaka walimaliza uchaguzi na desimali mkiani. Mwaka 2019 chama tawala kilikuwa na Yamada wawili kwenye orodha yake, na mmoja wao, Yamada Taro, mtetezi wa wachora katuni, alitangazwa kuwa amepata kura 540,077 na ushei.